Usiking'oe Hicho Kibati: Historia ya Namba ya Chesisi na Swali la "Gari Lile Lile"

Kama umewahi kununua gari la mtumba, au hata kumsindikiza mtu kununua, unaijua ile dakika ambayo maneno yanaisha. Muuzaji ameshasifia injini, ameshapiga teke tairi, ameshaapa kwamba gari lilikuwa la daktari na halijawahi kutoka nje ya mji. Halafu mtu mmoja anachomoa kadi ya gari mfukoni na kusema, "Haya, fungua boneti tuone namba ya chesisi." Wote mnainama. Kuanzia hapo kinachoongea ni chuma.

Leo nataka tuizungumzie hiyo namba, na hasa kile kibati kidogo kinachoibeba. Tutaona ilitoka wapi, kwa nini imepangwa ilivyopangwa, na kwa nini ukiamua kufufua gari la zamani kibati hicho ndicho kitu cha mwisho unachotakiwa kukigusa. Ninalo somo langu binafsi hapa, na lilitugharimu.

Babu yangu aliacha Land Rover 109, Series III, ya miaka ya 1970. Ilikaa chini ya mwembe zaidi ya miaka kumi, kuku wakataga ndani yake. Mjomba akaamua kuifufua. Bodi ya Land Rover hizo ni ya aloi ya aluminiamu, haili kutu kama chuma. Chesisi yake ni ya chuma, na hiyo inaliwa. Kwa hiyo ukiitazama kwa mbali unasema gari ni zima, ukilala chini yake unapata habari nyingine kabisa.

Fundi tuliyempata alikuwa hodari, hilo sibishi. Alifungua kila kitu, akakata vipande vya chesisi vilivyooza, akachomelea vipya. Siku ya kuandaa rangi akamwambia mjomba, "Mzee, hiki kibati nimekitoa, kilikuwa kinazuia rangi isikae vizuri. Nitakirudisha na ribiti mpya, kitang'aa." Mjomba akaitikia. Na mimi, mwenye masters ya uhandisi wa vifaa, nikaitikia vilevile. Nilidhani ni bati tu.

Miezi mitatu baadaye tulipeleka gari kukaguliwa ili kadi itoke jina la marehemu babu iingie jina la mjomba. Mkaguzi hakutazama rangi. Alichungulia kibati, akapitisha kidole juu ya ribiti, akauliza, "Hizi ni mpya. Hiki kibati kimetoka gari gani?"

Tulichomjibu nitakwambia mwishoni. Kwanza tuelewe kwa nini swali lake lilikuwa la haki.

Enzi ambayo injini ndiyo ilikuwa gari

Turudi Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita. Kuanzia mwaka 1908 hadi 1927 kampuni ya Ford ilitengeneza Model T zaidi ya milioni 15, zote zikifanana kama punje za mahindi. Ukiibiwa yako, utaitambuaje katikati ya milioni nyingine?

Jibu la Ford lilikuwa namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini. Namba hiyo ya injini ndiyo iliyotumika kulitambulisha gari. Kwa mtengenezaji ilitosha kabisa, kwa sababu yeye alitaka kujua kitu kimoja tu: hii ni ya ngapi kutoka kiwandani?

Shida ikaja barabarani. Injini ni kitu kinachokufa. Mkulima wa Model T injini ikimfia alitafuta nyingine kwenye chuma chakavu, akaifunga, akaendelea na maisha. Gari lilikuwa lile lile, viti vile vile, mikwaruzo ile ile, ila "jina" lake limebadilika. Na kinyume chake ni kweli pia: mwizi akibadilisha injini, gari la wizi linapata jina safi.

Wizi wenyewe haukuwa mdogo. Mwaka 1919 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyofanya kusafirisha gari la wizi kutoka jimbo moja kwenda jingine kuwa kosa la serikali kuu. Sheria ya namna hiyo inahitaji kitu kimoja cha msingi: polisi wa jimbo la pili aweze kuthibitisha kwamba gari lililo mbele yake ndilo lililoibwa kwenye jimbo la kwanza. Namba ikaacha kuwa jambo la kiwandani tu. Ikawa ushahidi.

Hapo ndipo utambulisho ulipoanza kuhama taratibu kutoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi, yaani mifupa ya gari, na kwenye kibati kilichopigwa ribiti mahali panapoonekana. Lakini kila kampuni ilifanya inavyotaka. Huyu namba yake ina tarakimu sita, yule nane na herufi. Huyu kaificha chini ya kiti, yule kaiweka kwenye nguzo ya mlango. Land Rover ya babu, kwa mfano, ina tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Mtu asiyeijua Land Rover hawezi kusoma chochote hapo.

Herufi na tarakimu 17

Mpangilio ukaja kwa hatua. Kwa magari madogo ya Marekani yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 1969, namba ilitakiwa iwe mahali unapoweza kuisoma ukiwa nje, kupitia kioo cha mbele. Ndiyo maana hadi leo magari mengi yana kile kipande kidogo pembeni ya dashibodi, chini ya kioo. Mwaka 1977 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likatoa kiwango namba 3779 kuhusu namba ya utambulisho wa gari. Mwaka 1981 Marekani ikalazimisha muundo mmoja: herufi na tarakimu 17, basi.

Sasa angalia akili iliyomo ndani yake. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, kwa sababu kwenye bati lenye matope I inafanana na 1, na O na Q zinafanana na 0. Herufi ya kwanza inahusu eneo na nchi: J ni Japani, W ni Ujerumani, na Uingereza imo kwenye S. Land Rover za baadaye zinaanza na SAL. Kwa magari ya soko la Marekani, nafasi ya 10 ni mwaka wa modeli: A ilikuwa 1980, na baada ya miaka 30 ikarudi tena kuwa 2010.

Kitu ninachokipenda zaidi kiko nafasi ya tisa. Kwenye magari ya Amerika Kaskazini, nafasi hiyo haielezi chochote kuhusu gari. Kazi yake ni kulinda namba nyingine zote 16. Inafanya kazi hivi. Kila herufi inapewa thamani (A ni 1, B ni 2, na kuendelea kwa utaratibu maalumu). Kila nafasi ina uzito wake: 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 10, 0, 9, 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2. Unazidisha thamani kwa uzito, unajumlisha vyote, unagawanya kwa 11. Salio ndilo linalokaa nafasi ya tisa. Salio likiwa 10, inaandikwa X.

Chukua kalamu tujaribu. Tuseme namba nzima ni 1 mara kumi na saba. Hapo jumla ni sawa na kujumlisha uzito wote: 89. Gawanya kwa 11, unapata 8 na salio 1. Nafasi ya tisa ni 1. Imepita! Sasa mjanja abadilishe tarakimu ya mwisho tu, 1 iwe 2. Uzito wa mwisho ni 2, kwa hiyo jumla inakuwa 91. Salio ni 3, lakini nafasi ya tisa bado inasema 1. Namba imejisaliti yenyewe, na hujafungua daftari lolote.

Kwa nini 11? Kwa sababu ni namba tasa, na ni kubwa kuliko uzito wowote kwenye orodha. Ukikosea tarakimu moja, tofauti yake haizidi 9, nayo inazidishwa na uzito usiozidi 10. Hakuna namna zao hilo ligawanyike kwa 11 bila salio. Kosa la tarakimu moja haliwezi kujificha, hata uikosee hiyo yenye uzito 0, ambayo ndiyo ya ukaguzi yenyewe, maana haitalingana tena na salio. Mfumo una tundu lake, lakini: A na J zote zina thamani ya 1, kwa hiyo ukizibadilishana, hesabu haitapiga kelele.

Kabla hujakimbilia gari la jirani kufanya hesabu hii, ngoja kidogo. Magari mengi tuliyonayo Afrika Mashariki yametengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, na huko hawatumii namba ya 17. Wanatumia namba fupi ya fremu. Ile NZE121 unayoisikia kila siku mjini ndiyo mwanzo wa namba hiyo: NZ ni familia ya injini, E ni ukoo wa Corolla, halafu tarakimu zinazofuata zinataja toleo. Baada ya kistari inakuja namba ya gari lenyewe. Hakuna tarakimu ya ukaguzi hapo. Na Land Rover ya babu nayo haina. Kwa magari ya aina hiyo, ulinzi uliobaki ni chuma chenyewe: kibati kilivyokaa, ribiti zilivyo, na alama zilivyogongwa.

Chuma kina kumbukumbu

Hapa niko nyumbani, maana ndicho nilichosomea.

Namba ya kwenye chesisi haijaandikwa, imegongwa. Mtu au mashine imekandamiza muhuri wa chuma kigumu juu ya chuma laini. Macho yanaona shimo tu lenye umbo la 7. Lakini chini ya hilo shimo, fuwele za chuma zimebanwa na kupinda, kama godoro lililokaliwa na mtu mzito. Sehemu hiyo iliyopinda inashuka chini zaidi ya shimo lenyewe.

Mwizi anakuja na tupa au grinda, anasaga mpaka uso unakuwa laini kama kioo. Anadhani amefuta. Alichofuta ni shimo. Zile fuwele zilizobanwa bado zipo, mradi hajasaga kwa kina kupita kiasi. Mchunguzi akisafisha uso huo na kupaka dawa ya asidi (kwa chuma, mojawapo maarufu ni mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na kloridi ya shaba), sehemu iliyobanwa inaliwa kwa kasi tofauti na sehemu isiyobanwa. Polepole ile 7 inaibuka tena. Ukiiona kwa macho mara ya kwanza unasisimka.

Kibati ni habari nyingine. Hakijagongwa kwenye gari, kimebandikwa. Ukikihamisha, gari halibaki na kumbukumbu yoyote ya namba. Kinachobaki ni matundu. Kwa hiyo wachunguzi wanasoma vitu vya pembeni: ribiti ni za aina ya kiwandani? Matundu yamepanuka? Rangi imeingia chini ya kibati au imeishia ukingoni? General Motors, kuanzia katikati ya miaka ya 1960, walitumia ribiti zenye kichwa kama ua kwenye vibati vyao, makusudi ili ribiti ya kawaida ya dukani ionekane mara moja.

Na wezi nao wanajua. Mbinu yao ya zamani ni rahisi: nunua kwa bei ya bure gari lililogongwa likafa, pamoja na kadi yake. Iba jingine la aina na rangi hiyo hiyo. Hamisha kibati. Kwenye karatasi, marehemu amefufuka.

Sasa umeona tatizo la fundi wetu? Yeye alitoa kibati kwa sababu ya rangi. Mwizi anakitoa kwa sababu ya wizi. Nia ni mbili tofauti kama usiku na mchana, lakini ukiinama na tochi ukatazama ribiti, alama zilizobaki ni zile zile. Chuma kinakumbuka kilichofanyika. Hakikumbuki kwa nini.

Corvette iliyotaka kusagwa

Usidhani haya ni mambo ya gereji za uswahilini. Jimbo la Kansas, Marekani, mwaka 1959 ulikutana na 2017 kwa namna ya kusikitisha. Mstaafu mmoja alikuwa amenunua Chevrolet Corvette ya mwaka 1959, imerekebishwa vizuri, ndoto yake. Mwaka 2017 akaipeleka kukaguliwa ili aisajili jimboni kwake. Askari wa ukaguzi wakaona kibati kilikuwa kimewahi kutolewa na kurudishwa, jambo la kawaida pale gari linapovuliwa kila kitu kwa ajili ya ukarabati. Gari likakamatwa.

Hakuna aliyesema mzee yule ni mwizi. Tatizo lilikuwa sheria ya jimbo wakati huo, ambayo ilivyoandikwa ilihesabu gari lenye namba iliyoguswa kuwa mali haramu, na mali haramu huharibiwa. Sheria haikuwa na mlango wa mtu mwenye nia njema. Kesi ikavutana miaka na miaka, gari likiwa kizuizini. Mpaka mwaka 2022 bunge la Kansas likabadilisha sheria, Gavana Laura Kelly akatia saini: kwa gari la kale, kutoa kibati na kukirudisha kwa sababu ya ukarabati wa lazima hakuligeuzi tena gari kuwa haramu. Mwisho wa yote, Corvette ikarudi kwa mwenyewe.

Ajabu ni kwamba sheria ya serikali kuu ya Marekani ilikuwa imeshaliona hili tangu mwaka 1984. Inafanya kufuta au kung'oa namba kuwa kosa la jinai, lakini papo hapo inamtoa hatiani mtu anayetengeneza gari ikiwa kuiondoa ni lazima kwa matengenezo. Kwa hiyo yule mzee alikuwa salama kwa sheria moja, na yuko mashakani kwa nyingine.

Mimi nasoma kisa hiki kwa pande mbili. Ndiyo, sheria ile ilikuwa kali kupita kiasi. Lakini pia, kama aliyefanya ukarabati huo zamani angeacha picha na maelezo, mnunuzi angekuwa na kitu mkononi siku ya kwanza.

Jembe la bibi na Bentley ya pauni milioni 10

Chini ya haya yote kuna swali la zamani. Bibi ana jembe. Mpini umeshabadilishwa mara tatu, jembe lenyewe mara mbili. Bado anasema, "Hili ndilo nililoolewa nalo." Anadanganya?

Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Uingereza ililazimika kujibu swali hilo hilo, ila jembe lilikuwa Bentley. Gari hilo linaitwa Old Number One, Bentley Speed Six iliyoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1929 na 1930, mara zote Woolf Barnato akiwa mmoja wa madereva wawili. Mwenye gari alikubaliana na kampuni moja kuliuza kwa pauni milioni 10. Halafu wanunuzi wakagoma. Hoja yao: hili silo. Na kwa kuhesabu vyuma, walikuwa na pa kusimamia. Gari lilikuwa limebadilishwa injini, chesisi na bodi kwa nyakati tofauti. Mwaka 1932 likiwa na injini kubwa ya lita 8 lilipata ajali kwenye uwanja wa Brooklands iliyomuua dereva Clive Dunfee, likajengwa upya tena. Mtaalamu mmoja alieleza mahakama kwamba vilivyobaki kutoka gari la mwaka 1930 ni vipande vya kuhesabu kwa vidole, kama kasha la gia na nguzo ya usukani.

Jaji Otton hakuhesabu vyuma. Alifuata historia. Aliona kwamba mabadiliko yalikuja moja baada ya jingine juu ya gari lile lile, bila mnyororo kukatika, na kwamba hakuna gari jingine popote linaloweza kusimama na kudai jina hilo. Gari lilikuwa la kweli, hata kama vyuma vyake vingi si vya asili. Wauzaji wakashinda.

Naomba ulishike hilo. Vyuma vinabadilika. Kinacholifanya gari libaki lile lile ni mnyororo usiokatika, na mnyororo huo ni lazima uweze kuthibitishwa. Namba ndiyo uzi unaoshikilia pete zake.

Hata mamlaka ya usajili ya Uingereza, DVLA, kwa miaka mingi ilitumia hesabu ya namna hii kwa magari yaliyobadilishwa sana. Chesisi ya asili, au mpya ya aina ile ile kutoka kwa mtengenezaji, pointi 5. Springi na mfumo wake 2, ekseli 2, gia 2, usukani 2, na injini 1. Jumla 14, na ulitakiwa upate 8 ili gari libaki na namba yake ya zamani. Likishindwa kabisa kuthibitisha asili yake, lilipewa namba inayoanza na Q, na kila aliyeiona Barabarani alijua kuna swali. Tazama safari hiyo: siku za Model T injini ndiyo ilikuwa gari zima. Kwenye hesabu hii injini imebaki na pointi 1 kati ya 14.

Na kwetu? Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari Rally akiwa na Chris Rothwell kwenye Peugeot 404. Ukikutana na 404 imelala kwenye ua wa mtu, na mwenye ua anaapa kwamba iliwahi kukimbia Safari enzi hizo, utamwamini kwa lipi? Mashudu ya stori hayatoshi. Utauliza namba, utauliza kadi ya zamani, utauliza picha. Kama kibati kilitupwa kwenye kopo la nati mwaka fulani, huenda historia nzima ilitupwa nacho.

Kama una gari la zamani uani

Haya ndiyo ninayowaambia watu sasa, bure kabisa.

Kabla hata ya kufungua boliti moja, piga picha. Kibati chote, ribiti moja moja, kisha piga kwa mbali ili ionekane kipo sehemu gani ya gari. Tafuta na namba iliyogongwa kwenye chesisi, safisha kwa brashi ya waya na mafuta kidogo, usitumie grinda wala msasa mkali. Piga picha hiyo pia, linganisha na kadi. Zikitofautiana, simama hapo hapo, usiendelee kumwaga hela.

Kama unaweza kupaka rangi bila kukitoa kibati, kizungushie gundi ya karatasi na upake. Mstari kidogo wa rangi ya zamani pembeni yake si aibu. Ni ushahidi kwamba hakijahama.

Kama lazima kitoke, mathalani bati lililo nyuma yake limeoza, uliza kwanza. Tanzania usajili wa magari uko TRA, Kenya ni NTSA. Omba maelekezo ya maandishi, na ujue polisi wanataka nini. Kisha toa mbele ya shahidi, piga picha kila hatua, na zile ribiti za zamani zilizokatwa ziweke kwenye bahasha. Usikubali kutengenezewa kibati kipya "kizuri zaidi" mtaani, wala kugongewa namba upya na fundi. Hata kama tarakimu ni sahihi, umeshatengeneza kitu kinachofanana na uhalifu.

Na ukinunua gari lililokwisha kukarabatiwa, dai hiyo bahasha na hizo picha pamoja na ufunguo.

Sasa turudi kwa mkaguzi. Alipouliza kibati kimetoka gari gani, mjomba alisema ukweli, na ukweli wetu haukuwa na picha hata moja. Akatuambia tulaze gari pembeni. Kwenye Series III namba imegongwa pia kwenye chesisi mbele kulia, pale springi inaposhikiliwa. Fundi akaitwa, akaja na brashi ya waya, akalala chini. Tabaka la rangi nyeusi, tabaka la kutu, tena rangi. Mjomba alikuwa ameshika kadi ya babu kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Tarakimu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilipotimia nane na herufi yake, mkaguzi alisoma, mjomba akasoma kadi, wakarudia mara mbili. Zilikuwa sawa.

Haikuishia hapo. Tulifuata barua, maelezo polisi, na kurudi mara tatu kabla kadi haijabadilika jina. Lakini gari lilibaki la babu.

Tukiwa njiani kurudi fundi akasema kitu ambacho bado sijakisahau. Alikuwa amepanga kusaga sehemu hiyo ya chesisi ya mbele ili rangi ishike vizuri, kama alivyosaga kwingine kote. Siku hiyo diski za grinda zilimwishia, akaona aipake hivyo hivyo. Mjomba hakujibu. Aliendelea kuendesha, polepole kuliko kawaida yake.